Meno Mawili ya Juu

Mwaka ule kipupwe kilipoingia, Priska na mumewe Zephania walijipangia matembezi. Same mjini ni jua na vumbi, na mwenye ndugu milimani hana sababu ya kubaki chini akipepewa na feni mbovu. Walikubaliana hivi: mwezi wa sita waende Usangi kwa wazazi wa Priska, wa saba Mamba kwa marafiki, na wa nane wapande kwa Bibi Nakijwa, aliyemlea Zephania tangu alipofiwa na wazazi akiwa mdogo.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Bibi alikuwa anakaribia miaka tisini, na alikuwa hajamwona Eliufoo, mtoto wao wa kwanza, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja na kusemwa. Kwa ukoo wa Zephania, mtoto ambaye Bibi hajampakata ni kama mgeni asiyepewa kiti. Priska alitaka jambo moja tu katika kipupwe kile, nalo ni kumwona mwanawe kwenye mapaja ya yule mzee.

Walifuatana na majirani zao, Sefu na mkewe Fadhila. Sefu anauza spea za pikipiki, ana gari yake ya Noah, na ana mdomo usiojua kupumzika. Fadhila yeye hubeba chupa za chai na vitafunwa, na hupiga picha kila kitu, hata sufuria.

Usangi mambo yalianza vizuri. Mama yake Priska alimweka mjukuu mapajani akawa anamlisha uji, mara kijiko kikagonga kitu kigumu. Sefu akapiga makofi.

"Kijana ameanza kazi! Mchinjieni kuku!"

Wote walicheka isipokuwa yule mama. Alimchungulia mtoto mdomoni, akapapasa ufizi wa chini kwa kidole, akapapasa tena, kisha akamkabidhi kwa Fadhila na kumvuta binti yake jikoni.

"Limeota juu," alisema. "Chini hakuna kitu. Priska, huyu ni kigego."

Neno hilo Priska alikuwa amelisikia shuleni, kama alivyosikia habari za vita vya Wajerumani. Zamani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa mkosi wa kumaliza ukoo. Yako majabali huko milimani ambako watoto wa namna hiyo walipelekwa, na waliowapeleka walirudi mikono mitupu. Hizo ni habari za kale. Priska alicheka kwa sauti.

"Cheka tu," mama yake alimwambia. "Lakini usimpeleke kwa yule bibi mpaka ya chini yatoke."

Walipofika nyumbani alimsimulia mumewe, akitegemea wacheke pamoja, maana Zephania ni mwalimu wa baiolojia na hana subira na mambo ya mikosi. Zephania hakucheka. Alisema, "Tutaona," akaingia kuoga.

Mwezi wa saba, walipokwenda Mamba, jino la pili lilikuwa limeshatoka, nalo la juu. Huko walikunywa chai ya tangawizi hadi matumbo yakawaka, wakala makande, wakatembezwa mashambani kwa rafiki yao wa siku nyingi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Priska alirudi kwenye gari kuchukua kofia ya mtoto, akasikia sauti ya mumewe upande wa pili. Alikuwa anaongea na simu.

"Ni mawili tu, madogo. Ya juu, ndiyo. Ganzi mnaweka? Dakika ngapi kuyang'oa?"

Kofia ilimdondoka Priska. Aliizunguka gari. Alimtazama mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mmoja akamwona mgeni kabisa.

"Unataka kumng'oa mwanangu meno?"

Zephania alikata simu. "Ni ya utoto, Mama Eliufoo. Yataota mengine."

"Baada ya miaka sita! Si wewe unayewafundisha watoto wa watu hayo? Umerogwa?"

Zephania aliegemea mlango wa gari, akaanza kueleza bila kumtazama.

"Nilikuwa na miaka saba. Jirani yetu alikuwa na mtoto, Fanueli, akaota ya juu. Watu wakaanza kumkwepa. Mama yake akamleta kwa Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa mke wa mzee wa kanisa, akimshika yeye, basi wote wangemshika. Nilikuwa nimesimama pale pale. Bibi akaweka mikono nyuma. Hakusema neno, Priska. Aliweka mikono nyuma tu. Mwezi haukuisha, yule mama akamfunga mtoto mgongoni, akabeba na godoro, akashuka Mwanga. Hajarudi mpaka leo."

Hapo akamtazama mkewe. "Mimi sina mama mwingine. Akimwekea mwanangu mikono nyuma, niende wapi?"

Priska alimhurumia, na hasira yake haikupungua hata chembe. Mtu anaweza kubeba vyote viwili.

"Meno hayang'olewi," alisema. "Tutakwenda nayo."

Mwezi wa nane walipanda. Juu kulikuwa na baridi ya kukunja vidole, na hiyo ilimfaa Zephania: alimzungushia mtoto skafu ya sufu mpaka puani, akaifunga fundo kama la mzigo wa kuni. Priska alimwachia hilo. Akina Sefu hawakuambiwa kwamba meno yanafichwa. Hapo ndipo walipokosea, maana kumficha Sefu jambo halafu ukaenda naye ni kujitafutia balaa.

Shangazi Agatha, anayeishi na Bibi, aliwapokea kwa vigelegele. Bibi alikuwa sebuleni karibu na jiko la mkaa, mdogo kuliko Priska alivyomkumbuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Poleni na mlima."

Alisema hayo akiwa ameuziba mdomo kwa ncha ya khanga. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Akiongea alijifunika, akicheka alijifunika zaidi. Wote walijua ni adabu ya wanawake wa zamani, na wasichana wa ukoo walikuwa wakisemwa kwa kutomwiga.

Makande yalikuwa yanaletwa mezani pale Sefu alipoona mtoto amepoa ndani ya mavazi yale. Akamwinamia akalia kama mbuzi. Eliufoo, ambaye hajui kuweka kicheko akiba, alicheka mwili mzima, fundo likalegea na skafu ikaanguka. Meno mawili meupe yakaonekana juu, na chini ufizi mtupu.

Sahani ilimponyoka Agatha ikavunjika.

"Yesu wangu! Kigego!"

Hakuna aliyeinama kuokota vipande. Sefu alikuwa bado ameinama kwa mtoto, mdomo wazi, bila kujua amefanya nini. Fadhila alishusha simu. Zephania aligeuka akautazama ukuta.

"Mleteni hapa," Bibi alisema.

Priska alimbeba mwanawe akavuka sebule. Hakuitazama sura ya Bibi. Alitazama ile khanga, kwa sababu mikono ya Bibi ilikuwa ndani yake, haionekani. Alisimama pale akingoja. Aliapa moyoni kwamba akihesabu kumi atageuka, atashuka mlima na hatarudi tena.

Mikono ilitoka. Bibi alimpakata Eliufoo, akamtia kidole gumba mdomoni, akagusa meno mawili, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini polepole. Kisha akafanya jambo ambalo Zephania, katika miaka yake arobaini, hakuwahi kuliona. Aliishusha khanga usoni, akauvuta mdomo wake wa chini.

"Gusa hapa," alimwambia Priska.

Kinywa hakikuwa na jino hata moja. Kwenye ufizi wa chini, mbele, kulikuwa na makovu mawili, magumu kama uzi wa kushonea gunia. Priska aliyagusa.

"Niliota ya juu," Bibi alisema. "Shangazi zake baba walikuja kunichukua, wamesimama uani. Mama yangu akajifungia na mimi ndani, akanichana ufizi wa chini kwa mwiba, akatoka akawaonyesha damu. Akawaambia, tazameni, ya chini yanatangulia, anaumwa, msimshike. Wakaondoka. Hakunitoa nje mpaka yalipoota kweli. Siku ninaolewa ndipo aliponiambia. Akasema, funika mdomo, mtu asije akaona makovu akauliza."

Aliguna. "Meno yenyewe yameisha yote, na bado nafunika!"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Agatha, aliyemwogesha mama yake miaka sita, alikuwa amekaa sakafuni kati ya vipande vya sahani kama aliyesukumwa. Zephania aligeuka kutoka ukutani. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, lakini sauti yake ilikuwa ya mwalimu.

"Na Fanueli, Bibi?"

Bibi alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Niliogopa. Ningemshika wangesema, mbona huyu haogopi, ana nini? Nikaokoa mdomo wangu." Akatazama mikono yake. "Yuko wapi yule mtoto?"

Aliyejibu ni Sefu. "Fanueli fundi wa pikipiki, Mwanga? Mrefu hivi? Huyo ni mteja wangu, Bibi."

"Nipelekeni."

"Mama, baridi hii!" Agatha alilia.

"Si mnasema mko kwenye matembezi?" Bibi alisema. "Na mimi nataka kutembea."

Kesho yake asubuhi walishuka naye, amekaa kiti cha mbele, Eliufoo mapajani. Njia nzima hadi Mwanga hakumtoa, hata Priska alipoomba amnyonyeshe ilibidi waanze kubembelezana. Khanga ilikuwa mabegani, mdomo uko wazi, na upepo wa barabara kuu ukampiga usoni.

Fanueli alikuwa amechuchumaa mbele ya gereji yake, spana mkononi, mikono myeusi kwa grisi. Alipomwona kikongwe anateremshwa garini alisimama, akafungua kinywa kumwamkia kama mtoto yeyote aliyelelewa. Bibi akamwahi.

"Shikamoo, Fanueli."

Mteja aliyekuwa kwenye benchi alitoa visikilizio masikioni. Fadhila aliziba mdomo kwa kiganja. Upareni watu wameona mengi, lakini mzee wa karibu miaka tisini kumwamkia kijana wa thelathini na mitatu, hapana, hilo hakuna aliyewahi kuliona. Priska alihisi aibu kana kwamba wamemvua Bibi nguo barabarani, na alitaka kumrudisha garini.

"Bibi, mimi si wa kupewa shikamoo," Fanueli alisema. "Mimi mtoto wako."

"Hukuwa mtoto wangu. Mimi ni Nakijwa. Mama yako alikuleta kwangu nikaweka mikono nyuma."

Spana ilibaki hewani. Uso wa Fanueli ulikunjamana, na Priska akajua kwamba jina lile halikuwa geni kwake.

"Mama amefariki, huu mwaka wa nne," alisema. "Kila kipupwe alikuwa anakaa hapo mlangoni anatazama milima. Hasemi kitu."

"Nimechelewa."

"Umechelewa, Bibi."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Hakujitetea, hakulia. Alisogea hatua moja, mtoto mikononi, akarudia:

"Shikamoo."

Salamu ilikaa pale katikati yao. Hakuna aliyethubutu kuiitikia kwa niaba ya mwingine, hata Sefu. Fanueli aliitazama ile mikono mizee. Akamtazama mtoto. Eliufoo, ambaye alikuwa amechoka na ukimya wa watu wazima, alimchekea kwa meno yake yote mawili ya juu.

"Marahaba," Fanueli alisema, kwa sauti ya chini sana.

Aliweka spana chini. Akaosha mikono kwenye ndoo, akaifuta, akaona bado ina grisi, akaosha tena. Kisha akainyoosha mbele.

"Nipe huyo mwenzangu," akasema, na Bibi akampa.