Jina la Perrine

Mama Matumbo alikuwa mwanamke wa kuogopwa, naye alilijua hilo na lilimnenepesha. Kazi yake ilikuwa kuchemsha utumbo wa ng'ombe karibu na soko kuu la Paris, na tangu Jamhuri itangazwe watu walikuwa wakiusifia mchuzi wake hata kabla ya kuuonja. Mwokaji mikate mmoja aliwahi kuuonja akaguna, akalala jela. Mama Matumbo alisema mguno ule ulikuwa wa kifalme, na Kamati ya mtaa ikaafiki. Nani angebisha? Shingo ni moja.

Jina lake halisi halikujulikana. Hata marehemu mumewe aliingia kaburini akimwita "wewe". Si kwamba hakuwa na jina. Alikuwa Perrine Goulard, binti wa mwezekaji mapaa wa Loudéac, lakini alikula kiapo kwamba hakuna atakayelitamka jina hilo mpaka litoke kwanza kinywani mwa Madamu de Montrejeu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika jumba la Madamu, kila mtumishi wa chumbani aliitwa Lisette. Lisette wa kwanza alikuwa hodari wa kazi, akafa, na Madamu hakuona sababu ya kujichosha na jina jipya. Pazia likichakaa huletwa jingine, na bado ni pazia. Perrine alikuwa Lisette wa nne. Hilo angelimeza, wangapi wamemeza makubwa zaidi? Lakini siku moja mama yake alikuja kwa miguu kutoka Loudéac kumtazama, na mlangoni akaambiwa kwamba hapa hakuna Perrine. Mama wa watu akageuza, akarudi alikotoka, na kabla theluji haijayeyuka akafa. Perrine alikuja kuyasikia hayo kwa mchuuzi wa nyuzi. Siku ile mama yake yuko mlangoni, yeye alikuwa ghorofani, chumba cha nyuma, akipiga pasi gauni la Madamu. Chuki iliyomwingia hapo haikutoka tena, na mwenye moyo wa nyama hawezi kumlaumu.

Mapinduzi yalipokuja Madamu aliyeyuka. Perrine akamtafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoikanyaga. Kisha, asubuhi moja kwenye foleni ya mkate, alimwona kikongwe aliyevaa matambara akinyoosha mkono kupokea mkate wake. Mkono ule ulikuwa umelegea kifundoni, unangoja kubusiwa. Perrine aliuosha mkono ule kwa miaka. Alimfuata kikongwe mpaka kwenye kichochoro cha wasindika ngozi, akamwona akipanda ghorofa ya juu kabisa, kisha akakimbia kwa Raia Houdot.

Raia Houdot, mwenyekiti wa Kamati, zamani alikuwa akitengeneza nywele za bandia. Mapinduzi yalipoiua biashara hiyo, akahamia kwenye vichwa vyenyewe. Alikuja na mtu mmoja mwenye mkuki, wakaanza kupanda ngazi wakihema.

"Una hakika ni yeye, Mama?" aliuliza Houdot.

"Nimemkogesha mwanamke huyo. Nikimkosea uso, mgongo sitaukosea."

"Kamati haikagui migongo," alisema Houdot, akasimama kuvuta pumzi.

Perrine akawaacha nyuma. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapika miaka yote pamoja na utumbo: Nitazame, kabaila, uniambie jina langu. Akagonga. Mlango ukafunguliwa.

"Lisette," alisema kikongwe. "Umechelewa. Moto umezimika."

Na magoti ya Perrine, wasaliti wale wawili, yakakunjika yenyewe. Alipokuja kuzinduka alikuwa mbele ya meko akipuliza makaa, na Raia Houdot alikuwa mlangoni akimtazama.

"Mama Matumbo, tumekuja kumkamata au kumpikia?"

Perrine akainuka na jivu puani. "Huyu ni Madamu de Montrejeu, kabaila, mnyonya damu za watu."

Kikongwe aliutazama mkuki, akamtazama Houdot. Alikuwa mzee, lakini hakuwa mjinga.

"Mimi, raia? Mimi ni Perrine Goulard."

Basi likatoka. Miaka yote Perrine alilingoja jina lake litoke katika kinywa kile, na sasa limetoka bila kigugumizi, lakini limevaliwa na mtu mwingine, kama gauni la wizi.

"Muongo huyo," alisema.

"Binti wa mwezekaji wa Loudéac," aliendelea kikongwe. "Ulizeni foleni nzima ya mkate. Huyu Lisette tulikuwa watumishi pamoja kwa Montrejeu, tukagombana kwa ajili ya mpishi. Wivu ni ugonjwa, raia."

Mwenye mkuki akacheka. Houdot hakucheka. "Thibitisha," alisema.

"Mama yangu aliitwa Mathurine, na mbele alikuwa na jino moja tu. Alikuja kwa miguu kunitazama, amebeba kuku kwapani. Mlangoni wakamwambia hapa hakuna Perrine. Madamu alikuwa dirishani, aliyasikia yote. Mama akampa bawabu yule kuku, akasema..." Hapo akakohoa.

"Akasema nini?" Perrine aliuliza, na hakuijua sauti yake mwenyewe.

"Koo limenikauka. Nikiiona kesho, huenda nitakumbuka. Wafu hawakumbuki kitu."

Houdot alipiga fimbo sakafuni. "Jamhuri haina muda wa kupoteza. Mmoja wenu anasema uongo, na amsingiziaye raia mwema hupanda mkokoteni uleule wa kwenda kukatwa kichwa. Mama Matumbo, huyu ndiye Perrine Goulard au siye?"

Neno moja tu, na kisasi chake kingetimia. Lakini neno la mama yake lilikuwa ndani ya kinywa kile, na kichwa kikidondoka kikapuni litadondoka nacho. Bawabu alikwisha kufa, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nalo.

"Ndiye," alisema Perrine. "Nimemfananisha."

"Na wewe jina lako la ubatizo nani?"

Lilimuuma kama jino linalong'olewa. "Lisette."

Houdot aliguna kwa hasira, akageuka. "Na mchuzi wako," alisema akiwa ngazini, "una chumvi mno. Nimevumilia sana."

Perrine akafunga mlango. "Alisemaje?"

"Ufunge vizuri, baridi inaingia."

"Umefungwa. Mama yangu alisemaje?"

Kikongwe alitazama mikono yake. "Alisema, 'Mwambieni Perrine kuku huyu anataga. Asimchinje.'"

"Halafu?"

"Halafu tulimla Jumapili. Wewe ndiye uliyemnyonyoa."

Perrine alimkumbuka kuku yule. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yule alifungwa uzi wa buluu. Aliukata mwenyewe kwa kisu, akautupa motoni huku akiimba. Jioni alipewa bawa, akalifyonza mpaka mfupa, akasema halijapata kutokea kuku mtamu kama yule. Akaketi chini na kulia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Alimlilia mama yake na ile safari yake yote ya miguu.

"Ulikuwa unalijua jina langu," alisema alipoweza kusema.

"Nililijua. Lisette lilikuwa rahisi zaidi." Kikongwe akajikunyata. "Haya, yameshapita. Lisette, moto unazimika tena."

Perrine akafuta pua. Akainuka, akaenda kwenye kiti pekee kilichokuwamo chumbani, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Kamati imesikia kwa masikio yake," alisema. "Perrine ni wewe. Na Perrine, binti wa mwezekaji, hajapata kungoja mtu amwashie moto. Kesho alfajiri unakuja sokoni, tuna utumbo wa kuosha."

"Mimi?"

"Au nimwite Houdot? Bado yuko ngazini, nasikia anavyohema."

Kikongwe alitega sikio. Chini kabisa, mlango wa nje ulisikika ukifunguliwa.

"Perrine," aliita yule aliyeketi. Aliliita taratibu na kwa upole, kama lilivyokuwa likiitwa Loudéac jua likizama.

Kikongwe aliyatazama makaa yanayofifia.

"Perrine, nakuita."

"Abee," akaitika Madamu de Montrejeu, akapiga magoti kutafuta kuni.