Neno Moja Katika Ibara ya Nne

Hakuwa na meno ya juu, hakuwa na gari, hakuwa na shahada, wala hakuwa na simu ya kugusa. Kusoma alisoma jioni, baada ya kazi, akiwa tayari na watoto wanne. Kadi ya chama alikuwa nayo, namba kumi na saba, na siku hiyo wanachama walikuwa wanamchagua mwenyekiti wao kwa mara ya kwanza. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wajumbe thelathini ndani ya hoteli. Mzee, mpanga herufi mstaafu wa kiwanda cha chapa, alilipiga pasi shati lake mara mbili.

Kwenye ofisi ya tawi, katibu alipekua orodha.

"Mzee wangu, jina lako halimo."

"Tazama vizuri, mwanangu. Namba kumi na saba."

"Namba si hoja. Katiba inasema anayepiga kura ni mwanachama hai. Hai ni aliyejisajili kwa simu."

"Na mimi hapa ni nini? Mzuka?"

Foleni ikaangua kicheko. Wengi walikuwa na kadi za juzi.

Mzee hakucheka. Neno lile "hai" lilikuwa lake. Miaka mingi nyuma, alipokuwa akiipanga katiba ile kwa mkono, ibara ya nne, wakati huo ya kura za matawi, ilisema tu "kila mwanachama". Yeye ndiye aliyeomba kuongeza "hai", ili makaburi yasipige kura. Viongozi walimpa mkono, naye akavimba kichwa wiki nzima.

Mpanga herufi husoma maandishi yaliyopinduliwa bila taabu. Akaisoma orodha kutoka upande wake wa meza, hadi jina la mke wake. Mbele ya jina hilo palikuwa na alama ya vema.

"Huyu amepiga kura?"

"Asubuhi na mapema, kwa simu. Mama yule yuko hai kweli kweli!"

"Nilimzika mwaka wa sita huu."

Katibu akaifunika orodha kwa kiganja. "Mzee, usituharibie siku. Pisha wenzako."

Nyumbani akaandika:

"Ndugu Katibu Mkuu, ibara ya nne ina kosa, na aliyelifanya ni mimi. Tafadhali futeni neno 'hai'. Ikishindikana, nisajilini kama marehemu, nipige kura pamoja na mke wangu."

Akairudia barua, akasahihisha mkato mmoja. Kisha akailamba bahasha, akaifunga, akaenda kuitumbukiza posta mwenyewe.