Mayai Tisa Chumbani kwa Mkwe

Mzee alipokwenda kukaa wiki mbili kwa mwanawe, alipewa chumba cha nyuma. Kitanda kilitandikwa vizuri, na mezani palikuwa na sanduku la plastiki lililofunikwa taulo. Mwanawe akamwambia ni vitu vya kazini kwa mkewe, asivisogeze, kisha akageuza mazungumzo upesi mno.

Siku ya tatu udadisi ulimzidi, akafunua. Akaona mayai tisa meupe, marefu kidogo, yamelala juu ya mchanga mwepesi wa kuoteshea miche, kila moja na alama ya penseli juu yake. Wakati wa chakula akauliza ni bata wa aina gani hao. Mwanawe akapaliwa na maji. Mkamwana, aliyekuwa mtunza wanyama kwenye bustani ya wanyama, akainamisha macho na kusema ni mayai ya nyoka.

Akaeleza kwa sauti ndogo. Mashine ya kuatamishia kazini ilikuwa imeharibika, watunzaji wakagawana mayai, na hapa nyumbani chumba chenye joto lisiloyumba kilikuwa hicho tu. Nyoka wenyewe ni wadogo, hawana sumu, na chakula chao ni panya. Alama za penseli ni za kumkumbusha upande wa juu, kwa kuwa yai la nyoka likigeuzwa, kilichomo huweza kufa.

Mzee aliitikia "sawa," akarudi chumbani, akautazama mkoba wake kwa muda mrefu. Angeondoka, lakini angewaambia nini? Tena yeye na mkamwana wake, tangu harusi, hawajawahi kuvuka shikamoo na marahaba. Hakutaka neno lao la kwanza refu liwe la kuaga. Akalala akiwa ameupa ukuta mgongo.

Wiki iliyofuata mayai yakaanza kubonyea kama mipira iliyopungua upepo. Mkamwana akatazama kipimo cha unyevu, akaingiwa na wasiwasi, akachukua chupa ya kunyunyizia maji na kuyalowesha yote. Baada ya siku mbili, mawili yakaota ukungu wa kijivu, na matone yakawa yanadondoka kutoka kwenye kifuniko. Akafuta, akatoboa matundu ya hewa. Asubuhi yake yakabonyea zaidi. Mzee aliyaona hayo yote akiwa kitandani na gazeti asilolisoma. Miaka thelathini na mbili alikuwa ameoka mikate, na mkono ulimwasha.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "unyevu unatakiwa uwe hewani. Wewe unayaogesha."

Mkamwana akageuka, chupa mkononi. "Sasa nifanyeje, baba?"

Akamweleza habari za kabati la kuumulia unga. Ukiacha hewa ikauke, donge linashika ngozi. Ukilirushia maji, linakuwa uji. Basi wakaziba matundu, wakabakiza mawili. Wakaweka bakuli dogo la maji ya uvuguvugu kwenye kona, mbali na mayai. Sanduku wakaliinua upande mmoja kwa kipande cha mbao, ili matone yatiririke ubavuni mwa sanduku yasidondokee mayai. Mchanga ukaongezwa maji kidogo pembeni, kiasi kwamba ukiufinya unashikana lakini hautoi tone.

Yai moja halikupona. Manane yalijaa tena polepole, na mzee akawa anakisoma kipimo kabla ya kunywa chai, kisha anampigia mkamwana kazini kumpa namba. Wiki mbili zikawa saba. Mwanawe alipouliza tiketi ya kurudi, aliambiwa asiingilie kazi za watu.

Siku ya sitini tangu mayai yatagwe, maganda yakaanza kuchanika. Kichwa kimoja kikachungulia, kikatulia nusu siku kama mpangaji anayekagua nyumba. Kesho yake saba walikuwa wametoka. Wa nane alikawia, na mkamwana akaenda kazini akiwa hana raha.

Aliporudi mchana alimkuta mzee amekaa wima kwenye kiti, mkono umenyooka juu ya meza. Nyoka mwembamba wa kahawia, bado ana utelezi wa yai, alikuwa amejizungusha kwenye kifundo chake cha mkono.

"Nilikuwa nabadilisha maji," mzee alisema bila kutikisika. "Amekuja mwenyewe. Mtoe, mwanangu. Lakini taratibu, ndiyo kwanza amelala."