Amri ya Kufungua Ije kwa Barua Pepe

Siku Waziri alipoporomoka na kiti mbele ya kamera, Bwana Swichi aliamriwa kuzima mtandao wa nchi nzima. Aliuzima saa nne asubuhi, kwa heshima zote, tai shingoni. Kazi hiyo ilikuwa imemlisha miaka kumi na tisa, naye hakuwa tayari kuipoteza kwa kosa la kidole.

Kufikia saa saba, video iliyokuwa imetazamwa na watu arobaini tu ikawa gumzo la kila kona. Waliokosa kuiona waliigiziwa. Nje ya dirisha la ofisi, kinyozi alikuwa akiporomoka na kiti kwa mara ya sita, kila mara kwa madaha zaidi, wateja wakimshangilia na mapovu kidevuni.

Waziri akaja mwenyewe, anachechemea.

"Fungua! Bora wakaangalie mpira!"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Amri ya kufungua inakuja kwa barua pepe."

"Si nimesimama mbele yako?"

"Nakuona, mzee wangu. Ila kanuni ya saba inasema atakayefungua bila barua pepe, kazi hana. Hii saini ya nani?"

Waziri akaikodolea macho saini kwenye karatasi ya kanuni aliyosogezewa. Ilikuwa na mikia miwili, kama yake.

"Basi naituma sasa hivi!"

"Kwa mtandao upi?"

Mama wa masjala, ambaye ulimi wake haukuwahi kuomba likizo, akajikohoza. "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Waziri akapanda gari, akala vumbi kwa saa mbili hadi ng'ambo ya mpaka, akatuma. Kisha akapiga simu.

"Imefika?"

"Bado, Mheshimiwa. Mlango umefungwa."

"Kaufunga nani?"

"Sisi."

Bwana Swichi akalegeza tai. Akifungua, kanuni inamfukuza. Asipofungua, Waziri anamfukuza.

"Wewe," mama wa masjala akamnong'oneza, "kanuni imekataza kufungua. Kuchungulia imekataza wapi?"

Bwana Swichi akachungulia. Aliwasha mtandao wa ofisi yao peke yake, dakika moja, barua ikaingia. Akazima, akaichapa, akaigonga muhuri, ndipo akaifungulia nchi rasmi.

Ila katika dakika ile haikuingia barua peke yake. Mama wa masjala akamsogezea simu yake. Kutwa nzima Bwana Swichi alikuwa hajaiona ile video.

Waziri alipopiga kushukuru, alisikia kwikwi tu.

"Unalia, kijana wangu?"

"Kidogo, Mheshimiwa," alijibu Bwana Swichi, kutoka sakafuni.