Mvua Yenye Chumvi

Lori lilikuwa bado nyuma ya kilima, lakini Placide alikwisha kujua kwamba dereva wake amelewa. Alisimama na shoka mkononi, akasikiliza. Kwenye kona ya michikichi, mahali ambapo kila dereva hupunguza mwendo, injini ilizidi kunguruma. Kisha gia zikasagana mara mbili.

"Ni Gaston," alisema mkewe, Léocadie, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria ya maharagwe.

"Ni yeye. Na leo wamemupa nyingi."

Ilikuwa siku ya soko la pamba. Siku hiyo lori lilitoka Kabambare likapita kijiji kwa kijiji, likapakia magunia, likaelekea kiwandani Kasongo. Kila kijiji kilichopakia kilimletea dereva kibuyu cha pombe ya ndizi au cha malafu, mvinyo wa mchikichi. Kukataa kibuyu kulikuwa sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake ni chafu. Njiani palikuwa na vijiji sita, na Gaston hakujua kumkataa mtu. Ndiyo maana watu walimpenda. Alibeba barua za wachumba, kuku wa wakwe na dawa za wagonjwa, wala hakusahau hata kuku mmoja.

Placide alikuwa mlinzi wa barieri. Kazi yake ilikuwa mti mrefu uliolala juu ya barabara, na kopo lililosimama juu ya nguzo mbele ya nyumba. Mvua ikinyesha, alitia vidole ndani ya kopo. Maji yakifika vidole viwili, alishusha mti na kufunga barabara kwa muda wa saa sita, ili malori yenye mizigo yasiichimbe ikiwa imelowa. Kopo likiwa kavu, mti ulipaa. Sheria haikusema neno jingine lolote.

Chini ya mteremko, hatua mia tatu kutoka barieri, kulikuwa na daraja la kijito cha Kamimbi: magogo manne, na juu yake mbao ishirini na sita. Kila ubao Placide aliupigilia misumari kwa mkono wake. Daraja halikuwa na kingo. Gurudumu lilipaswa kupita juu ya magogo. Likienda kando kwa upana wa kiganja, lilikanyaga ubao usio na kitu chini yake.

Miaka miwili iliyopita dereva mwingine, François, alisimama hapa akinuka pombe. Kopo lilikuwa kavu. Placide aliinua mti. François alifariki pale darajani pamoja na wanawake watatu waliokaa juu ya magunia. Mzungu msimamizi wa barabara alikuja, akakagua kopo, akamwambia Placide kwamba amefanya kazi yake vizuri. Sifa hiyo Placide hakuwahi kumsimulia mtu yeyote isipokuwa Léocadie.

Sasa, saa nne asubuhi, alitupa shoka, akashusha mti, akaufunga kwa kamba. Kisha akatazama kopo. Ndani mlikuwa na vumbi na mdudu mmoja aliyekufa.

"Mutungi uko na maji?" aliuliza.

"Yote nimeyatia kwenye maharagwe."

Walitazamana. Mlinzi anayefunga barabara bila mvua hufukuzwa kazi, na nyumba ile ilikuwa ya kazi. Léocadie alichukua upawa, akachota maji ya maharagwe mara tatu, akayamimina ndani ya kopo. Akarudi jikoni kama mtu aliyekwenda kuangalia kuku.

Lori lilisimama pua yake ikigusa mti. Mlango ulifunguka, na Gaston akashuka akiushikilia mpaka ulipokoma kuyumba. Juu ya magunia wanawake watano walikuwa wameshikana mikono.

"Papa Barieri!" Gaston alipiga saluti. "Fungula. Pamba inaniita."

"Barabara imefungwa, mwana wangu. Mvua."

Gaston aliinua uso. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Alizunguka polepole, akitafuta wingu pande zote nne, na alipomaliza mzunguko ilimbidi ashike nguzo.

"Mvua iko wapi?"

"Iko kwenye kopo."

Dereva alisogeza uso karibu na kopo, akachungulia kwa heshima kubwa. Akatia kidole. Akakilamba. Akafikiri.

"Papa Placide," alisema, "mvua hii iko na chumvi."

Mwanamke mmoja juu ya magunia aliangua kicheko, na wenzake wakamfuata. Placide hakucheka. Aliuvuta ubao wa zamani wa daraja uliokuwa ukutani, akaulaza chini.

"Tembea juu yake. Ukifika mwisho bila kuanguka, nafungula."

"Mimi naendesha kamio. Siendeshi na miguu!"

"Na breki unakanyaga na nini?"

Gaston alipanda ubao akiwa amenyoosha mikono. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili alikanyaga hewa, akakaa vumbini. Wanawake walishangilia, naye aliinuka akiwapungia mkono kama mtu aliyeshinda. Lakini alipogeuka kwa Placide, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sasa basi. Umecheka na mimi, imetosha. Toa kamba ile, ama naivunja barieri yako. Na Bwana wa barabara nitamwambia mvua yako inapikwa na mama."

Alipanda lori. Injini iliwaka. Placide alipita chini ya mti, akasimama katikati ya barabara, upande wa daraja, mikono yake ikining'inia. Alikuwa mtu mfupi. Kutoka kwenye kiti cha dereva, kilichoonekana ni kofia yake tu.

"Anza na mimi," alisema.

Lori lilisonga kidogo, mti ukalia. Ndipo Régina, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, akateremka kutoka juu ya magunia akishikilia kamba, mkeka wake kwapani. Alipita chini ya mti, akatandika mkeka karibu na miguu ya Placide, akakaa na kunyoosha miguu.

"Mama Régina, ondoka hapo!" Gaston alipiga kelele.

"Mimi nimechoka na kukaa juu. Hapa iko kivuli."

Hapakuwa na kivuli chochote. Wale wanne wengine wakateremka mmoja mmoja, wakakaa kando yake. Gaston aliwatazama kupitia kioo cha mbele. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni sababu ya François?"

François ndiye aliyemfundisha Gaston kuendesha.

"Mimi nilimufungulia," Placide alisema. "Pombe niliisikia puani, na nikamufungulia. Kopo lilikuwa kavu."

Injini ilizimika. Gaston alishuka, akaingia chini ya lori lake, akalala usingizi. Léocadie aligawa maharagwe. Wanawake walikubaliana kwamba yamepungua mchuzi.

Saa nane mchana gari dogo la msimamizi wa barabara lilipanda kutoka Kasongo, likivuta vumbi jekundu nyuma yake. Mzungu alishuka, akatazama mti uliofungwa, akatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Kwa nini barabara imefungwa?"

"Kopo liko na maji, Bwana," alisema Placide.

Mzungu alikwenda kwenye nguzo. Ndani ya kopo ganda la haragwe lilikuwa likielea. Alilitoa kwa ncha ya kalamu, akalitazama. Kisha akageuka, akaona miguu miwili iliyotokeza chini ya lori, akasikia mkoromo.

"Mvua ilinyesha wapi?"

"Hapa tu, Bwana," alijibu Régina kutoka mkekani. "Kidogo. Lakini ilitosha."

Mzungu aligeuka nyuma, kuelekea daraja alilotoka kuvuka. Halafu alifungua daftari lake, akaandika mstari mmoja, akalifunga.

"Saa sita," alisema. "Sheria ni saa sita."

Placide alimwinulia mti, maana gari dogo liliruhusiwa kupita, kisha akaushusha tena. Alichoandika Mzungu hakukijua.

Saa kumi jua lilikuwa limelainika. Gaston aliamka, akanawa uso kijitoni, akarudi. Bila kuambiwa, alipanda ule ubao, akautembea mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Wanawake walipanda juu ya magunia. Hakuna aliyecheka.

"Asante kwa mvua, Mama," alimwambia Léocadie.

Placide alifungua kamba. Lori liliteremka polepole. Yeye alifumba macho, akasikiliza mbao: moja, mbili, tatu, kila mmoja na sauti yake aliyoijua kama sauti za watoto wake. Wa kumi na nne ulilia kidogo, alikusudia kuupigilia tena kesho. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Kisha injini ikapanda upande wa pili, na gia ikaingia mara moja tu.

Wiki mbili zilipita; barua kutoka kwa msimamizi haikufika, wala ya kumfukuza wala nyingine. Siku ya soko Gaston alipita asubuhi, macho yake meupe, vibuyu sita vyenye vizibo vimefungwa kwa kamba nyuma ya kiti. Aliwaahidi waliompa kwamba atavinywa nyumbani kwake. Alisimama kwenye nguzo kidogo tu, akaondoka.

Placide alipokwenda kukagua kopo, alikuta ndani yake chumvi, imefungwa vizuri katika jani la mgomba. Upande wa Kabambare wingu la kwanza la msimu lilikuwa likipanda. Alisimama na kifurushi mkononi, akilitazama, huku Léocadie akimwita kutoka jikoni aje upesi kabla chumvi haijalowa.