Kumpitisha Bosi Mbele ya Kuku

Mama mwenye nyumba alinigongea mlango akiwa ameshika kuku mfu kwa miguu.

"Kazi ya mbwa wenu hii," alisema. "Jumamosi asubuhi nitakaa hapa uani, kuku wangu wote nje. Akimrukia hata mmoja, simtaki kwenye nyumba yangu."

Sikubishana. Kuku alikuwa amekufa kweli, na mbwa alikuwa wetu.

Mume wangu ndiye aliyemleta Bosi kutoka kiwanda cha mbao anakofanya kazi, na sasa alikuwa wa kwanza kukata tamaa. "Tumpeleke kwa kaka leo hii. Mtoto wa miaka sita atamtembeza vipi? Si yeye atakayetembezwa?"

Binti yetu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo. Jioni hiyo aliketi sakafuni, mkono shingoni mwa Bosi, chakula kikimpoea.

"Tuna siku tano," nikasema. "Atafunzwa."

"Nani atamfunza?"

"Sisi. Kula kwanza."

Njia ya kwenda getini ni moja tu, na inapita katikati ya kuku. Nilifunga kamba mbili kwenye mkanda wa Bosi: moja ya Chiriku, nyingine yangu, nimeilegeza, ya dharura. Nikajaza mfuko vipande vya mkate. Mpango wangu ulikuwa rahisi: akiwarukia kuku, tumpe mkate asahau kuku.

Jumatatu aliruka mara tatu. Jumanne mara saba. Jumatano Chiriku aliburutwa akaanguka, akachubuka goti. Nilimwinua, nikampangusa vumbi.

"Unaumwa?"

"Ndiyo."

"Unataka tuache?"

"Hapana!" Akafuta kamasi kwa mkono wa gauni. "Mama, kwani Bosi hawataki hata hao kuku. Ananiangalia mimi kwanza, halafu ndiyo anaruka. Anaomba mkate."

Nilisimama pale kama niliyepigwa shoti. Nina diploma ya umeme. Kazini, taa ikiwaka wakati usiotakiwa, siigombezi taa. Namtafuta aliyeunganisha waya. Na hapa aliyeunganisha waya vibaya ni mimi. Siku tatu nzima nilikuwa namlipa mbwa kwa kosa.

"Una akili kunishinda," nikamwambia.

"Najua. Sasa tufanyeje?"

Tukageuza. Akiruka, hapati kitu: Chiriku anasimama kama mlingoti, hapigi kelele, havuti. Akitulia, tunasonga. Akishawapita kuku ndipo anapewa. Kuvumilia ukimya kulimtesa Chiriku kuliko goti. Alhamisi alifumba midomo mpaka mashavu yakamvimba, lakini kelele zilimtoka. Bosi akasisimka, tukaanza upya. Ijumaa tulianza upya mara kumi na moja. Mume wangu alitutazama dirishani, mswaki mdomoni.

"Mtapitwa na gari la shule."

"Liende," Chiriku akajibu, bila kugeuza shingo.

Jumamosi mama mwenye nyumba alikuwa ameshaweka kigoda chake. Alipotuona akachota mahindi, akayamwaga katikati kabisa ya njia. Kuku wakajazana hapo.

"Shikamoo bibi," Chiriku akasema.

"Marahaba. Haya, piteni tuone."

Bosi akajikaza mbele. Chiriku akasimama. Bosi akajikaza tena, kamba ikamkata Chiriku kiganja, naye akabaki amesimama. Kidole changu kilikuwa kwenye kamba ya dharura. Nilijilazimisha nisiivute.

"Mtalala hapo leo?" bibi akauliza.

Jogoo akapita mbele ya pua ya Bosi bila adabu yoyote. Bosi akatetemeka mwili mzima, akamtazama Chiriku, akaketi.

Chiriku akahesabu hadi tano kwa midomo tu. Akapiga hatua. Bosi akainuka na kumfuata, ubavu kwa ubavu. Kuku wakawapisha, na wote wawili wakafika getini, mimi nyuma yao na kamba iliyolegea.

Mama mwenye nyumba alikung'uta mahindi yaliyobaki mkononi. "Leo mmebahatisha."

"Si bahati, bibi," Chiriku akasema.

"Na kesho je?"

"Kesho tutapita tena. Hata ukimwaga gunia."

Bibi akanitazama, nami nikamtazama.

"Basi akae," alisema. "Lakini kesho nitaleta na bata."