Dhamana ya Kabati

Seremala alipomuuzia shangazi yake kabati, alijigamba weee: mchwa hawataligusa miaka kumi! Akaandika na dhamana. Shangazi akaikunja vizuri, akaihifadhi kwenye droo ya chini, katikati ya mashuka yake.

Hata mwaka haujaisha, shangazi akavuta droo, akakuta udongo. Mashuka yamebaki matundu matupu. Akamwita seremala saa hiyohiyo.

Seremala akagongagonga mbao, akacheka mpaka magego yakaonekana. “Shangazi, mbona kabati liko zima? Mimi niliahidi mbao, sikuahidi mashuka. Kasome dhamana!”

Shangazi akachota udongo wa droo kwa viganja viwili, akammiminia mikononi.

“Haya, isome wewe, mwanangu. Wenzio wameshaimaliza.”